Neno Moja, Maana Tatu: Jinsi ya Kuyamudu Maneno ya Kiingereza Yanayofanana

Kila ninapoanza darasa jipya la Kiingereza la jioni, wiki ya pili haiishi kabla hayajafika maswali yale yale. "Mwalimu, 'right' ni kulia au ni haki?" "Mbona 'read' imeandikwa hivyo hivyo lakini mtangazaji katamka 'red'?" "Nimebandika 'Quite please' mlangoni, watu wananicheka, kosa liko wapi?" Wanaouliza ni watu wazima wenye kazi zao: mafundi umeme, wahudumu wa hoteli, wauguzi, wauza duka. Hawatafuti shahada. Wanataka kusoma karatasi iliyo mbele yao bila kuumbuka. Nimechoka kujibu kwa mafungu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Kwanza ujue kwamba jambo hili si geni kwako. Mtu akitamka "kaa", unatambua papo hapo kama anakukaribisha kiti, anamzungumzia yule wa ufukweni mwenye magando, au anataka kaa la moto awashie jiko. Kuna mbuzi wa kuchinja na mbuzi ya kukunia nazi. Kuna paa limevuja na paa amekimbia. Hukuwahi kukaa chini kuyakariri haya, kwa sababu ngeli inakufanyia kazi: "limevuja", "amekimbia", na shaka imekwisha.

Kiingereza hakina ngeli. Ukisoma "the bat fell", hilo "fell" halikuambii kama aliyeanguka ni popo au lililoanguka ni gongo la kriketi. Kazi ambayo kwetu inafanywa na viambishi, kwao inafanywa na jirani: neno lililotangulia, neno linalofuata, na mahali penyewe neno liliposimama. Hatua zote hapa chini ni mazoezi ya kumtazama jirani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja na kalamu za rangi mbili. Daftari dogo la mfukoni halitoshi, utaona kwa nini kwenye hatua ya 6.
- Kamusi mbili. Moja ya Kiingereza kwa Kiswahili, kama ile ya TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotoka mwaka 1996. Nyingine ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, mfano Oxford Advanced Learner's Dictionary. Ukiwa nayo kwenye simu ni bora zaidi, mradi iwe na alama ya spika ya kusikiliza matamshi.
- Ukurasa mmoja wa Kiingereza unaohusu kazi yako: karatasi ya maelekezo ya dawa, mwongozo wa betri, menyu, mkataba wa pango. Mmoja tu. Usilete kitabu kizima.
- Dakika 20 kwa siku. Saa 3 za Jumapili hazifidii wiki nzima ya kukaa bure.

Mafungu matatu ya kuyatambua

Watu wengi wanayachanganya maneno yote yanayosumbua kwenye kapu moja, kisha wanashangaa kwa nini dawa moja haiponyi. Yatenge.

Fungu la kwanza: herufi zile zile, sauti ile ile, maana mbalimbali. "Match" ni mechi, na ni njiti ya kibiriti. "Date" ni tarehe, na ni tende. "Bank" ni benki, na ni ukingo wa mto. Mara nyingi hayana undugu hata kidogo. Benki ya fedha imetokana na neno la Kiitaliano la benchi walilofanyia biashara wabadilisha fedha, na ukingo wa mto umeletwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari kuingia Uingereza. "Date" ya tende asili yake ni neno la Kigiriki la kidole, ile ya kalenda ni Kilatini. Yamekutana njiani yakavaa kanzu moja.

Fungu la pili: herufi zile zile, sauti mbili. "Tear" ya chozi hutamkwa "tia", "tear" ya kuchana hutamkwa "tea". Ile inayoandikwa pembeni ya pakiti, "Tear here", inakuambia chana hapa, haikuambii ulie.

Fungu la tatu: herufi zinakaribiana lakini hazilingani. "Quiet" na "quite", "lose" na "loose", "desert" na "dessert". Hapa shida si kusoma, shida ni kuandika. Mimi mwenyewe, kabla sijaanza kufundisha, niliwahi kupewa chaki niandike ubao wa chakula kwenye hoteli moja ya watalii. Nikaandika kwa herufi kubwa na mwandiko wa kujivunia: "Desert of the day". Jangwa la leo. Ubao ulikaa pale tangu saa sita mchana hadi jioni, mpaka mgeni mmoja mzee aliponiuliza kwa upole kama ngamia wamo kwenye bei au wanalipiwa pembeni.

Hatua kwa hatua

1. Nakili sentensi nzima, usinakili neno.
Ukikutana na neno linalokutatiza, iandike sentensi yake yote kwenye kaunta buku, kisha pigia neno hilo mstari kwa kalamu ya rangi ya pili. Neno lililong'olewa kwenye sentensi ni kama mtu uliyemkuta stendi hana mzigo wala tiketi: huwezi kujua anakwenda wapi. Wanaoniletea karatasi yenye maneno 30 yaliyopangwa kuanzia A, wenye "right = kulia", "fine = nzuri", ndio wanaorudi baada ya mwezi wakiwa pale pale.

2. Mtazame jirani wa kushoto, halafu wa kulia.
Jirani wa kushoto akiwa "a", "the", "my", "this" au rangi na sifa, basi neno lako mara nyingi ni jina la kitu. Akiwa "to", "can", "will", "must" au "don't", neno lako ni kitenzi. Likiwa ndilo limefungua sentensi na hakuna aliyetajwa kabla yake, ni amri, na amri ni kitenzi.

Jaribu kwa "right":
"You have the right to a lawyer." Kushoto kuna "the": ni haki.
"Turn right at the bank." Linafuata kitenzi cha mwendo: ni kulia.
"You are right." Linafuata "are", tena linamsifu mtu: umesema kweli.
"Come right now." Limekaa mbele ya "now" kuitia nguvu: sasa hivi.

Onyo: jirani anakuambia aina ya neno, si lazima akuambie maana. "The match was long" na "The match was wet" zote zina "the". Hapo endelea mbele hadi uone kinachosemwa. Mechi hailoani, kibiriti hulowa. Na wakati mwingine sentensi moja haitoshi, soma na ile iliyotangulia.

3. Chunguza kama ni kitenzi cha jana kilichojificha.
Hatua hii haimo kwenye vitabu vingi vya wanaoanza, nami naona ndiyo inayoangusha watu kuliko zote. Vitenzi kadhaa vya Kiingereza vikienda wakati uliopita hubadilika vikafanana na neno lingine kabisa:

- "Left" ni kushoto, na ni wakati uliopita wa "leave", kuondoka au kuacha.
- "Saw" ni msumeno, na ni wakati uliopita wa "see".
- "Found" ni kuanzisha taasisi, na ni wakati uliopita wa "find".
- "Felt" ni kitambaa kizito cha sufu, na ni wakati uliopita wa "feel".
- "Ground" ni ardhi, na ni wakati uliopita wa "grind", kusaga. Kwa hiyo "ground coffee" kwenye kopo ni kahawa ya unga, iliyosagwa. Nimeshawahi kusomewa darasani kuwa ni kahawa inayolimwa bondeni.
- "Wound" ni jeraha, ikitamkwa "wuund". Ikitamkwa "waund" ni wakati uliopita wa "wind", kuzungusha kitu kama uzi kwenye kijiti.

Sentensi isipoingia akilini, jiulize: je, hiki si kitenzi kilichokwisha kutendeka? "He left the saw on the left." Aliuacha msumeno upande wa kushoto. Isome mara tatu kwa sauti kabla hujaenda mbele.

4. Likiwa la fungu la pili, tafuta mkazo au sauti ya mwisho.
Kwetu mkazo hukaa karibu mahali pamoja siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana tunausahau. Lakini hata sisi tunalo neno linalotuonyesha nguvu yake: gari limepita baraBAra, na kazi imefanyika baRAbara. Kiingereza kimejaa maneno ya namna hiyo, na kwa bahati yapo yenye utaratibu: likiwa jina, mkazo mwanzo, likiwa kitenzi, mkazo mwisho.

"Record": REkod ni kumbukumbu, riKOOD ni kurekodi.
"Present": PREzent ni zawadi, priZENT ni kuwasilisha.
"Object": OBjekt ni kitu, obJEKT ni kupinga.
"Permit": PEmit ni kibali, peMIT ni kuruhusu.
"Refuse": REfyuus ni takataka, riFYUUZ ni kukataa.

"Invalid" ina njia yake. Simu ikikuandikia "Invalid PIN", hiyo ni inVAlid, namba haikubaliki. Ukisema INvalid umetaja mgonjwa asiyejiweza, neno ambalo siku hizi wengi wanaliona la kudhalilisha. "Minute" nayo: MInit ni dakika, maiNYUUT ni dogo sana, kitu cha kutazamia miwani.

Halafu kuna kundi linalotofautishwa na s na z. "Use" ikiwa jina ni "yuus", ikiwa kitenzi ni "yuuz". "House" ya nyumba ni "haus", ya kumpa mtu makazi ni "hauz". "Close" ya karibu ni "klous", ya kufunga ni "klouz". Ukishalizoea hili, "advice" na "advise" hazitakusumbua tena: ni sauti ile ile ya s kwa jina na z kwa kitenzi, ila hapa wameamua kuionyesha kwa herufi.

Onyo: usiusambaze utaratibu huu wa mkazo kila mahali. "Report", "support" na "control" mkazo wao uko mwisho hata yakiwa majina. "Visit" na "answer" uko mwanzo hata yakiwa vitenzi. Mwanafunzi mwenye bidii sana ndiye anayeanza kusema REpot.

5. Sasa ndiyo ufungue kamusi.
Umeona tumechelewa kufika kwenye kamusi? Ni makusudi. Ukiifungua mapema utachukua maana ya kwanza utakayoikuta.

Kwenye kamusi nzuri, maneno yasiyo na undugu yametengwa kwa tarakimu ndogo juu ya neno: "lead" ya 1, "lead" ya 2. Maana za neno moja zimepangwa ndani kwa namba za kawaida. Kwa hiyo kwanza chagua tarakimu ya juu, kisha shuka ndani. Karibu yake utaona alama ya aina: n ni nomino, v ni kitenzi, adj ni kivumishi. Aina hiyo umeshaipata kwenye hatua ya 2, kwa hiyo nusu ya maelezo unayaruka bila kuyasoma. Kile kikwaju kidogo kilichosimama juu ya mstari wa matamshi kinaonyesha mkazo: silabi inayokifuata ndiyo inayokazwa. Gusa spika, sikiliza mara mbili, sema kwa sauti. Ukinong'ona hujasema.

6. Gawa ukurasa katikati.
Chora mstari wima. Kushoto andika sentensi uliyoikuta. Kulia andika tafsiri ya sentensi nzima kwa Kiswahili chako cha kila siku, na chini yake matamshi kwa herufi zetu kama nilivyofanya hapa. Kisha acha mistari sita mitupu. Ndiyo sababu ya kaunta buku. Siku utakapokutana na "charge" nyingine utarudi kuijaza hapo hapo, na baada ya miezi michache ukurasa wa "charge" utakuwa na kuchaji simu, ada ya huduma, mashtaka ya polisi, na muuguzi wa zamu anayeitwa "in charge". Maana ulizozikuta mwenyewe hazitoki kichwani haraka kama za kupewa.

Onyo: usijifunze jozi nzima siku moja. Nilikuwa nafundisha "affect" na "effect" pamoja, bega kwa bega, nikadhani ninarahisisha. Wanafunzi wakatoka wakijua kwamba yapo mawili na yanachanganya, basi. Sasa nafundisha "affect", kitenzi, kuathiri, wiki nzima. Likishakaa ndipo namleta mwenzake.

7. Pima kwa kurudisha Kiswahili mahali pake.
Chukua maana uliyochagua, iweke ndani ya sentensi, usome yote kwa Kiswahili. Ikichekesha, umekosea. "The patient was discharged on Monday." Kamusi inakupa kutoa usaha, kuisha chaji, kufukuza kazi, kuruhusu. Mgonjwa alitolewa usaha Jumatatu? Labda, lakini hakuna kidonda kilichotajwa. Mgonjwa aliishiwa chaji? Hapana. Mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo. Kwa wauguzi naongeza: ile "stool" ya maabara ni choo kikubwa, kigoda kibaki nyumbani.

Tufanye pamoja: karatasi ya betri

Hii nimeitunga kwa kuiga karatasi zinazokuja na betri za sola, kwa sababu sijaona mahali maneno haya yanapobanana kama humo:

"Close the cover. Do not work close to live wires. Connect the red lead first. This battery contains lead. Charge fully before first use. Use only the charger supplied."

"Close" ya kwanza imefungua sentensi: amri, klouz, funga. Ya pili inafuatwa na "to": klous, karibu na. "Live" imesimama mbele ya jina, "wires", kwa hiyo ni "laiv", nyaya zenye umeme. Ingekuwa kitenzi, kama "they live here", ingekuwa "liv".

Sasa "lead". Ya kwanza ina "the" na "red" kushoto kwake. Kitu chenye rangi, kinachounganishwa: ni waya wa kuunganishia, "liid", ndugu wa ile ya kuongoza kwa sababu nao unaongoza umeme. Ya pili haina "a" wala "the", inafuata "contains". Kitu kisichohesabika kilichomo ndani: ni madini, "led".

Na hapa kuna mtego wa upande wetu. Kamusi itakupa "risasi", na ni sahihi, lakini risasi kwetu ni ya bunduki pia. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa sola, alimsomea mteja kwa kujiamini kwamba betri ina risasi ndani. Mteja alirudisha mkono. Ikabidi fundi aeleze kwamba ni yale madini mazito ya kijivu, yenye sumu, hasa kwa watoto, na kwamba betri haitafyatuka. Kwa hiyo unapotafsiri usitosheke na neno, liongezee: "madini ya risasi".

"Charge" ni amri: chaji. "First use" ina sifa kushoto: jina, yuus, matumizi ya kwanza. "Use only" inafungua sentensi: yuuz, tumia. Sentensi sita, maneno manane ya kutegua, na hatukuhitaji kamusi ila mara moja.

Makosa ninayoyaona kila muhula

*Kuliamini neno tulilolikopa.* Kiswahili kikikopa huchukua maana moja au mbili tu, na kuna wakati kinaunganisha wawili kuwa mmoja. "Mita" yetu ni kipimo cha urefu na ni kile kidude cha umeme ukutani. Kwa tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo ya shule zetu, urefu ni "metre" na kidude ni "meter". Breki ya gari ni "brake", mapumziko ni "break", na masikio yetu yanasikia kitu kimoja. Nimeona mabango ya gereji yenye "break service". Linasomeka kama wanakuvunjia.

*Kuandika "lead" kwa wakati uliopita.* Kwa sababu "read" ya jana inaandikwa sawa na ya leo na kutamkwa "red", mtu anadhani "lead" ni hivyo hivyo. Siyo. Aliongoza ni "led". Hata waliozaliwa na lugha hiyo wanalikosea.

*Kupuuza herufi kubwa.* "March" ni Machi, "march" ni kuandamana. "Turkey" ni Uturuki, "turkey" ni bata mzinga. "Polish" ni ya Poland, hutamkwa "poulish", na "polish" ni ya viatu. Mwanzoni mwa sentensi yote huanza kwa herufi kubwa, kwa hiyo hapo rudi kwa jirani.

*Kuitegemea simu ikusahihishie.* Haitapiga mstari mwekundu chini ya "desert of the day". "Desert" ni neno halali, kosa ni mahali lilipo.

Ikikwama

*Naandika "quite" nikitaka "quiet".* Tamka kwa mdomo: "kwa-yet", mapigo mawili, e iko kabla ya t kama unavyoisikia. "Kwait" ni pigo moja, e imetupwa mwisho haina kazi.

*"Loose" na "lose"?* "Loose" ni legevu, kama suruali inayopwaya: o mbili, nafasi tele. "Lose" ni kupoteza: o moja imeshapotea.

*"Dessert" na "desert"?* Kitindamlo kina s mbili: sukari na siagi. Jangwani hakuna hata s ya pili.

*"Stationary" na "stationery"?* Kilichosimama kimekaa, weka a. Kile cha e ni vifaa vya kuandikia, yaani kile kinachouzwa pale unapotoa fotokopi. Wenye maduka hayo, hebu toka nje utazame bango lako.

*Simu inapiga mstari mwekundu chini ya "practise" na "licence", nami nimefuata kitabu.* Simu imewekwa Kiingereza cha Marekani. Kule wanaandika "practice" na "license" kwa jina na kitenzi pia. Uingereza jina lina c, kitenzi kina s. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, chagua cha Uingereza.

*Programu ya kutafsiri inanipa mambo ya ajabu.* Umeilisha neno moja. Ipe sentensi mbili kamili, kisha ifanyie kipimo cha hatua ya 7 kama ungemfanyia mtu.

*Nikisoma naelewa, nikisikia napotea.* Kuna jozi ambazo kwa maandishi ziko mbali ila kwa sikio letu la irabu tano zinagongana: "live" na "leave", "ship" na "sheep". Hilo ni zoezi la sikio, si la macho. Sikiliza taarifa fupi ya habari huku ukiwa na maandishi yake mkononi, dakika 5 kati ya zile 20.

*Nahodha ananiambia "bau", nami nimeandikiwa "bow", upinde unaingiaje chomboni?* Haumo. Upinde ni "bou". "Bau" ni kuinama kwa heshima, na ni omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Ukiwa mtu wa pwani anza na hiyo ya omo, nyingine zitakuja.

*Neno kama "run" lina maana mamia, nitazimaliza lini?* Hutazimaliza. Wahariri wa Oxford English Dictionary walipolipitia upya walihesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Wewe una jenereta: anza na "the engine is running", inanguruma, na "we have run out of diesel", dizeli imetuishia. Ziandike hizo mbili, acha mistari sita.